Skuta kubwa ya mtumba Dar: uchukue 150, 250, 400 au zaidi?

Anayetafuta skuta kubwa ya mtumba Dar es Salaam huwa na safari mbili kichwani. Moja ni ya kila siku: Kimara hadi Posta, Tegeta hadi Mwenge, Mbagala hadi Kariakoo, foleni na joto kwa kwenda mbele. Nyingine ni ya mara mojamoja: Bagamoyo siku ya mapumziko, Chalinze kwenye msiba, Morogoro kuwaona wazee. Skuta inayoimudu vizuri safari moja huwa inachosha kwenye nyingine, na dalali siku zote anakuuzia ile ya pili. Atakusifia kioo kirefu cha mbele na siti pana. Hatakwambia uzito wake pale unapoirudisha nyuma kwa miguu kwenye kichochoro cha Sinza, mbele bajaji, nyuma mtaro.

Nalinganisha makundi manne badala ya modeli mojamoja, maana kwenye mtumba huchagui sana. Unachukua iliyopo yenye hali nzuri.

Kundi la kwanza ni la cc 150 na kidogo: Honda PCX na Yamaha NMAX. Wenye skuta kubwa watabisha kwamba hizi si za kundi lao, lakini umbo ni lilelile na watu wengi wanasitasita kati ya hizi na zinazofuata. La pili ni la 250: Honda Forza, Yamaha Majesty, Suzuki Skywave 250. La tatu ni la 400: Suzuki Skywave 400 (ndiyo hiyohiyo Burgman 400 ya masoko mengine), Yamaha Grand Majesty 400 na Honda Silver Wing 400. La nne ni kuanzia 500 kwenda juu: Yamaha TMAX, Honda Silver Wing 600 na Suzuki Burgman 650.

Vigezo ni sita: foleni; haiwei; mashimo, mchanga na mvua; mkanda (unaotoa nguvu kwenye injini kuelekea nyuma), tairi na fundi; mafuta; mzigo na abiria. Foleni nimeiweka mbele ya haiwei kwa sababu ndiko utakakokaa saa nyingi zaidi. Bei ya kununulia si kigezo hapa. Skuta ya bei poa inayodai mkanda, tairi mbili na betri ndani ya mwezi wa kwanza hukuwa umeinunua kwa bei poa.

Foleni

PCX na NMAX zina uzito wa kilo 130 hivi. Za 250 zinakaribia au kupita kidogo kilo 190. Skywave 400 iko kwenye 220, Silver Wing 600 inasogelea 250, na Burgman 650 inapita 270. TMAX ndiyo ya kushangaza: injini kubwa, lakini uzito wake uko jirani na wa Skywave 400.

Uzito ukiwa unatembea hauusikii. Unausikia ukisimama, ukianza, ukisimama tena, jioni kutoka Magomeni kwenda Ubungo, mguu mmoja chini kwenye lami yenye kokoto. Hapo urefu wa siti una maana kuliko namba ya injini. Siti ya Skywave 400 iko milimita 710 kutoka chini, kwa hiyo hata mtu mfupi anakanyaga vizuri. Ya TMAX 530 iko 800, na ni pana juu ya hapo, inakutanua miguu. PCX iko 760 lakini ni nyembamba, ndiyo maana inaonekana fupi kuliko ilivyo.

Kisha kuna urefu wa chombo chenyewe. Kati ya ekseli na ekseli, PCX ina mita 1.3 hivi, Skywave 400 inapita mita moja na nusu. Hiyo tofauti ndiyo inayoamua kama utakata kona kati ya bampa la Noah na ubavu wa daladala au utabaki hapo ukimwangalia bodaboda aliyekuwa nyuma yako akiishia mbele. Skuta ya 250 bado inapenya, ila inabidi ujifunze upana wake. Ya 400 kwenda juu, hesabu kwamba mara nyingi utakaa kwenye mstari kama gari. Na njia ya mwendokasi si mbadala. Pikipiki haziruhusiwi mle, hata iwe tupu kiasi gani.

Kwenye foleni: 150 inaongoza kwa mbali, 250 inafuata kwa heshima, 400 inavumilika, na la nne linategemea nguvu za miguu yako.

Haiwei

Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara ni pana, kila mtu ana nafasi yake. Baada ya hapo, Mlandizi hadi Chalinze na kuendelea Morogoro, unarudi kwenye njia mbili zinazopishana, na malori ya Tunduma yamejipanga. Swali la haiwei kwa Tanzania si mwendo wa juu kabisa. Vijijini kikomo ni 50, matuta yapo, na ukizubaa unapigwa tochi. Swali ni hili: uko nyuma ya trela linalokwenda 70, mbele kweupe kwa muda mfupi, je, skuta yako inachanganya kiasi gani kutoka 70 hadi 100?

PCX na NMAX hapo ndipo pumzi inapokata. Mwendo wao wa juu ni karibu 110, kwa hiyo kwenye 90 ulichobakiza ni kidogo. Kuovateki inawezekana, ila kwa hesabu ndefu, na ukiwa na abiria na mzigo ni bora usubiri. Tatizo la pili ni upepo. Lori likipishana nawe upande wa pili, chombo cha kilo 130 kinasukumwa pembeni, na kichwa chako kinalisikia pigo hilo juu ya kile kioo kifupi.

Za 250 zinakwenda 90 hadi 100 bila kulalamika na zinabakiza kidogo cha kupitia. Hii ni moja ya sababu zilizofanya zipendwe sana Japani: kule skuta inayozidi cc 125 inaruhusiwa kwenye haiwei kubwa za magari, na 250 ndiyo iliyokuwa kipimo cha kutosha. Za 400 zinafanya kazi hiyohiyo kwa raha zaidi, hasa mkiwa wawili. TMAX na wenzake wa kundi la nne wanapita trela kama limesimama.

Hata hivyo, usidanganyike kuhusu muda. Kwa matuta na vijiji vilivyopo, mwenye 600 hafiki Morogoro mapema sana kuliko mwenye 250. Anafika mgongo ukiwa mzima na hakukaa nusu saa akinusa moshi wa lori. Kwa mtu anayesafiri mara moja kwa miezi mitatu, hiyo ni faida ndogo. Kwa anayesafiri kila mwisho wa wiki, ni kubwa.

Mashimo, mchanga na mvua

Hapa skuta zote zinashindwa na Boxer ya bodaboda, tuseme ukweli. Boxer ina tairi kubwa na nyembamba. NMAX ina rimu za inchi 13, PCX 14, Skywave 400 mbele 14 na nyuma 13, TMAX 15. Shimo ambalo bodaboda analipita akiongea, wewe linakuuma kiuno.

Karibu skuta zote hizi injini yake inapanda na kushuka pamoja na tairi la nyuma, kwa hiyo shokapu inabeba kazi nzito. TMAX injini imefungwa kwenye fremu kama pikipiki ya kawaida, na ndiyo maana kwenye kona na lami iliyochanika inatulia kuliko nyingine zote. Ni sifa ya kweli, si ya matangazo.

Mchanga ni kesi nyingine. Kama nyumbani ni Chanika ndani, Madale juu au Kigamboni mbali na lami, kilo 220 juu ya tairi pana zitazama pale ambapo PCX itayumba tu na kupita. Tuta la mtaani lililomwagwa zege na wananchi wenyewe ni adui wa skuta ndefu: mara nyingi kinachogonga kwanza ni stendi ya katikati. Kabla ya kununua inama uiangalie. Ikiwa imechubuka hadi chuma kung'aa, mwenye nayo alikuwa anaishi barabara kama yako, na ushahidi wa maisha hayo uko pale chini.

Masika yakianza, kumbuka kwamba nyumba ya mkanda ina njia ya kuingiza hewa ya kuupoza. Maji yakiingia humo mkanda unateleza. Injini inanguruma, chombo hakiendi. Kwenye maji ya Jangwani hakuna kundi lililo salama.

Mkanda, tairi na fundi

Kigezo hiki ndicho kinachotenganisha mnunuzi anayefurahi na anayepaki skuta uani na kuifunika turubai. Skuta haina cheni ya kukaza wala gia za kubadilisha. Ina mkanda, rola na klachi, na mkanda una umri. Modeli nyingi za hapa zinataka ubadilishwe kati ya kilomita 20,000 na 25,000. Mtumba wa Japani wenye kilomita 28,000 kwenye dashibodi, ambao hakuna anayejua kama ulibadilishwa, ni mkanda wa kununua kesho. Ukikatika haiwei, hakuna kuunga na waya. Unapakia chombo kwenye Kirikuu.

Sasa makundi. PCX na NMAX zinatengenezwa hadi leo, kwa wingi, Kusini Mashariki mwa Asia, kwa hiyo mkanda, rola na pedi unaagiza kwa namba ya spea na vinakuja. Tairi zao ni ndogo, na mbadala hazisumbui kupata. Fundi wa skuta ndogo akifungua injini yake hakuti jambo la ajabu.

Za 250 ndizo zenye mtego. Forza 250 ina vizazi tofauti, MF06 ya mwaka 2000, MF08 ya 2004, MF10 ya 2007, na herufi hizo ziko kwenye namba ya chesesi. Ukimwambia muuza spea "mkanda wa Forza" bila kutaja hizo herufi, unacheza bahati nasibu. Majesty vilevile: za zamani zina kabureta, za kuanzia 2007 zina mfumo wa kupuliza mafuta. Nyingi hazitengenezwi tena, kwa hiyo unategemea spea za mbadala na za kuagiza. Forza zenye ufunguo wa kielektroniki wa mfukoni, hakikisha ufunguo upo na unafanya kazi kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Kuutafutia mbadala ni safari ndefu.

Kuna jambo moja kuhusu Japani ambalo wanunuzi wa hapa hawalijui. Kule, pikipiki inayozidi cc 250 lazima ikaguliwe na serikali: mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili. Ya 250 kushuka hailazimiki. Maana yake, Skywave 400 iliyotoka kule kwa kawaida ilipita mikononi mwa mkaguzi. Forza 250 huenda iliendeshwa na kijana miaka sita bila mtu kuangalia bereki. Si kanuni ya kila moja, lakini mimi ningeanza kukagua 250 nikiwa na shaka zaidi.

Kwa 400, Skywave ina nafuu kwa sababu jina la Burgman 400 liliendelea kuuzwa duniani kwa miaka mingi. Tairi lake la nyuma, 150/70-13, hulikuti kwa muuza tairi za bodaboda. Ni la kuagiza, na uagize kabla halijaisha. Klachi yake ina tabia ya kutetemeka unapoanza kuondoka. Wakati mwingine kusafisha kunatosha, wakati mwingine ni kubadilisha. Silver Wing 400 ni injini nzuri ya silinda mbili, ila imevaa mwili wa 600: unabeba uzito wa kaka bila nguvu zake. Ningeichukua tu kama nimeikuta katika hali nzuri kupita kiasi.

Kundi la nne linahitaji fundi, si mfungua nati. TMAX tangu 2012 ina mkanda wa pili unaopeleka nguvu kwenye tairi la nyuma. Burgman 650 mfumo wake wa gia unaongozwa kwa umeme, na ukisumbua, ufunguo namba kumi hausaidii. Kabla ya kununua yoyote ya hizi, tafuta kwanza fundi aliyewahi kuifungua. Akisema "zote ni sawa tu, mzee, leta", endelea kutafuta.

Mafuta

Kwa makadirio ya matumizi ya kawaida: 150 inakwenda kilomita 40 au zaidi kwa lita, 250 kati ya 25 na 30, 400 kati ya 22 na 27, na kundi la nne huzunguka 20. Fanya hesabu kwa umbali wako wa siku na bei kikomo ya EWURA, inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Kwa mtu wa kilomita 40 kwa siku, tofauti kati ya 150 na 600 ni kama lita moja kila siku. Tangi la PCX linabeba lita 6 hadi 8 kutegemea mwaka, Skywave 400 lita 13.5.

Mzigo na abiria

Chini ya siti ya Skywave 400 zinaingia helmeti mbili, na za 250 nyingi karibu zinalingana nayo. PCX inaingiza moja na koti la mvua. TMAX, kwa ukubwa wake, ni bahili. Abiria anakaa vizuri kuanzia 250; kwenye 150 anavumilia. Mshikaki wa watatu hakuna hata moja iliyotengenezewa, na sheria haina utani na hilo.

Ukienda kuiona

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha gusa injini. Ikiwa ya moto, huenda inasumbua kuwaka asubuhi na anakuficha. Iwashe, na kwa 250 kwenda juu iache isimame hadi feni ya rejeta iingie yenyewe; isipoingia, foleni ya Tazara itaichemsha. Kisha tafuta mlima, mwinuko wowote wa daraja unatosha, uondoke taratibu kati ya mwendo wa 10 na 25. Mtetemo hapo ni klachi au mkanda. Soma tarakimu nne za ubavuni mwa tairi: 2814 maana yake ni wiki ya 28 ya mwaka 2014, na tairi la hivyo hata kama lina kashata za kutosha limekwisha kuwa gumu. Fungua kifuniko kimoja cha plastiki utazame boliti na waya. Skuta iliyokaa Msasani au Kigamboni karibu na bahari huonyesha chumvi huko ndani kabla haijaonyesha nje.

Namba ya chesesi ilingane na kadi, jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia au awe na mkataba wa mauziano unaomfikia, na deni la faini za trafiki ulitafute kwa namba ya usajili kabla halijawa lako. Leseni nayo: daraja A1 ni la pikipiki ndogo, kwa hizi unahitaji A.

Kwa hali yako

Unakaa ndani ya jiji, kila siku unapambana na foleni, mkoani unakwenda kwa basi na haiwei yako ni Bagamoyo mara chache: PCX au NMAX. Hutajuta kwenye foleni, na Bagamoyo ni kilomita 60 na kitu tu. Utafika ukiwa umeenda 80.

Nyumbani ni barabara ya mchanga: hilohilo kundi la 150, hata kama roho inataka kubwa. Kama mchanga ni wa kilomita kadhaa, fikiria pikipiki ya kawaida.

Unakaa Kibaha au Bunju, unaingia mjini kila siku kwa lami na Morogoro unakwenda kila baada ya wiki chache, mara nyingi peke yako: 250, lakini ya kizazi cha karibuni chenye mfumo wa kupuliza mafuta, na mkanda wa akiba ukiwa chini ya siti tangu siku ya kwanza.

Mnasafiri wawili, wewe na mwenzako, na njia yako ya mjini ina nafasi (Bagamoyo Road saa kumi na moja alfajiri, kwa mfano): Skywave 400. Kama mwenzako ni mfupi na naye ataiendesha, ndiyo zaidi.

Una chombo kingine cha mjini, una fundi unayemwamini, na unachotaka ni barabara ndefu: TMAX kama unapenda kona, Silver Wing 600 kama unapenda utulivu na helmeti zikae chini ya siti. Burgman 650 mwachie anayejua hasa anachokitaka.

Na kama umeshapata 250 na 400 za bei moja, hali moja, na bado huwezi kuamua, mwombe kila muuzaji akuruhusu uzime injini na uisukume kurudi nyuma mita kumi kwenye mwinuko mdogo. Itakayokutoa jasho, iache hapohapo.